Waliozidi

"Onja wewe kwanza," Wakoli alisema, na hata hakumtazama.

Phanice alimimina chai kidogo katika kikombe cha bati, akanywa mbele yao, akameza. Ndipo wazee wa ukoo walioketi barazani wakanyoosha vikombe vyao. Hakuna aliyeona haya. Walikuwa wamezoea. Tangu mwaka juzi hakuna sufuria iliyotoka katika jiko la Phanice bila yeye mwenyewe kuionja kwanza, uwe ugali, yawe maharagwe, yawe hata maji ya kunywa. Kanisani, siku akina mama wanapowapikia wageni, yeye alipewa kuosha vyombo tu, na akishageuka, mwingine alivisuuza tena.

Kosa lake lilikuwa nini? Alipika. Katikati ya mwaka wa 2021, katika boma hili la Makhele, si mbali na Kimilili, walikufa watu watatu wakifuatana. Alianza baba mkwe wake, Mzee Wabwile. Akafuata Noah, kitinda mimba wa boma. Akamalizia Khaemba, mume wa Phanice. Wote watatu walikuwa wakila kutoka jiko moja. Na naibu wa chifu alisimama mbele ya watu akatangaza, na bado anatangaza kila akipewa nafasi, kwamba kata yake ndogo haikupoteza hata mtu mmoja kwa corona. Sifuri. Huitamka sifuri hiyo kwa kifua mbele, utadhani ni mtoto wake aliyefaulu mtihani.

Sasa piga hesabu wewe mwenyewe. Ikiwa ugonjwa haukuua mtu, na watu watatu wamelala pale nyuma ya migomba, basi yuko aliyewaua. Sifuri ile ilikuwa na bei yake, na bei hiyo ikapelekwa kwa mwanamke aliyekuwa ameshika mwiko.

"Jumamosi tunajengea makaburi," alisema Mzee Walubengo, mdogo wa marehemu Wabwile na msemaji wa ukoo. "Simiti imefika, mchanga umefika. Na siku hiyo tutaeleza ugonjwa."

Kwa watu wa huko, maiti haiteremshwi kaburini kimya kimya. Mmoja wa watu wa nyumbani husimama mbele ya waombolezaji akaeleza ugonjwa tangu siku ya kwanza: ulianzaje, mgonjwa alipelekwa wapi, alikula nini mara ya mwisho, alisema nini. Hayo yakishaelezwa, midomo hufungwa, na anayetaka kunong'ona huonekana mchokozi. Wale watatu walizikwa bila maelezo. Siku zile mikusanyiko ilikatazwa, polisi waliwarudisha waombolezaji njiani, pasta aliomba dua fupi huku akitazama saa. Kwa hiyo vifo vya Makhele vilibaki wazi, na katika uwazi huo kila mtu akatia maneno yake.

"Mimi ndiye nitaeleza," Wakoli alisema. Alikuwa ndiye mtoto wa kiume pekee aliyebaki, dereva wa lori, mtu wa kifua na sauti. "Nitasema yote. Baba alisema chakula kimebadilika, hakina ladha. Noah akasema hivyo hivyo. Khaemba hivyo hivyo. Watu tatu! Hiyo ilikuwa sumu, ile dawa ya wadudu wa mahindi, bana, na ilitoka Kitale."

"Shemeji, ulimwona nani akiinunua?" Phanice aliuliza.

"Si wewe ni mtu wa Kitale?"

Ushahidi ndio huo. Amezaliwa Kitale, mama yake anauza nguo kuukuu sokoni Kitale, na Kitale kuna maduka ya dawa za mahindi. Kuna watu wamefungwa kwa machache kuliko hayo.

Mzee Walubengo alikohoa, akaweka kikombe chini. "Mama Vivian, sisi hatutaki kelele. Ukitaka kuondoka kabla ya Jumamosi, hakuna mtu atakuzuia. Ukingoja mpaka maneno isemwe mbele ya watu, hatutaweza kukusaidia. Unajua vijana wa siku hizi na viberiti."

"Na Vivian?"

"Vivian ni mtoto wetu. Mtoto anabaki kwao."

"Na shamba la baba yake?"

"Shamba haina miguu," Wakoli alijibu, na mzee mmoja akacheka.

Mlangoni, mama mkwe wake Nabwile alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Alisikia yote. Hakuinua kichwa.

*

Kesho yake Phanice alikwenda Kitale, si kwa mama yake, bali hospitalini alikofia Khaemba. Alipanga foleni tangu asubuhi nyuma ya watu waliokuja kutafuta vyeti vya kuzaliwa. Alipofika dirishani, karani alikuwa akimenya chungwa.

"Nataka mtu aniambie bwanangu alikufa na nini."

"Kibali cha kuzika unacho?"

"Ninacho. Kimeandikwa moyo ulisimama."

"Si basi umejibiwa, mama?"

"Dada, moyo wa kila maiti umesimama. Mimi nauliza ni nini iliusimamisha."

Nyuma yake watu walicheka. Karani hakucheka. Alifuta vidole vyake, akaandika jina la Khaemba kwenye kompyuta, akangoja, akatikisa kichwa.

"Alipimwa corona?"

"Walimtia kile kijiti puani. Wakasema majibu yatatoka mbali, nitapigiwa simu."

"Ulipigiwa?"

"Bado nangoja."

"Mama, hiyo ni maneno ya 2021. Kitu haikupimwa hatuwezi kuandika. Kama hakuna majibu, hakuna corona. Nani anafuata?"

Phanice aliondolewa pale kwa bega la mtu aliyefuata. Aliketi kwenye benchi ukumbini, benchi lile lile, au ndugu yake, ambalo Khaemba aliketi siku nzima kwa sababu vitanda vilijaa, akipokezana mtungi mmoja wa oksijeni na wagonjwa wengine. Wauguzi walikuwa wakihangaika mpaka wengine wakalia. Mtungi ulipomfikia tena Khaemba ulikuwa unatoa sauti tu. Hayo yote alikuwa ameyaona kwa macho yake, na leo anaambiwa na mtu anayekula chungwa kwamba hayakupimwa. Alilia kwa hasira, na hasira ilimfanya alie kwa sauti.

"Mama, pole. Unatoka wapi?"

Aliyeuliza alikuwa msichana mwenye koti la kazi lenye vumbi la barabarani, begi mgongoni na tableti mkononi. Alijitaja kuwa Lorna Chepchumba. Yeye na wenzake walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba katika Trans-Nzoia na Bungoma wakiuliza habari za vifo vya miaka ile, na hapo alikuwa akingoja daktari mmoja atie sahihi.

"Makhele, upande wa Kimilili," Phanice alisema huku akijifuta kwa leso. "Lakini kwetu usijisumbue. Sisi hatukufa. Sisi ni sifuri."

"Makhele iko kwa vijiji vyetu. Tunafika Alhamisi."

"Mkafanye nini? Serikali si imehesabu?"

"Serikali ilihesabu waliopimwa. Sisi tunahesabu waliozikwa." Lorna aliketi kando yake. "Watu hufa kila mwaka, mama. Kila kijiji kina kiasi chake cha kawaida. Sisi tunaangalia miezi ile watu walikufa wangapi kupita kawaida. Tunawatafuta waliozidi."

Phanice alilifikiria neno hilo. Waliozidi. Khaemba wake, mtu wa miaka arobaini na mmoja, aliyekuwa anajua kushona viatu na kupiga gitaa vibaya, alikuwa mmoja wa waliozidi.

"Na ukishauliza, utaniandikia kwamba ni corona?"

"Hapana. Mimi nauliza maswali tu. Madaktari watasoma majibu ya nyumba zote, ndio waseme. Wewe hutaambiwa."

"Kwa hivyo hata wewe unakuja kunipita."

"Nakuja kuuliza," Lorna alisema. Alikuwa amechoka, na hakuwa na maneno ya kubembeleza. "Kuna mtu amewahi kuja kwenu kuuliza?"

Phanice aliikunja leso yake. Tangu afiwe alikuwa ameshtakiwa, amesimangwa, amesengenywa. Kuulizwa, hapana.

*

Jioni hiyo alimkuta Nabwile akipukuchua mahindi jikoni kwake. Phanice alivuta kigoda akaketi, akachukua gunzi naye akaanza kupukuchua. Walifanya kazi bila kusemezana mpaka Phanice akashindwa.

"Mama, wewe unajua."

"Mimi najua nini?"

"Baba alipokufa, si wewe ulisema hatazikwa kama mzoga?"

Nabwile aliacha kupukuchua. Alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, ambaye machozi yake yaliisha katika msiba wa pili, wa tatu ukamkuta mtupu.

Siku ile ya kifo cha Mzee Wabwile, naibu wa chifu alifika na barakoa yake, akasimama mbali karibu na zizi. Aliwaambia waziwazi: ikiwa hii ni corona, watu wa kaunti watakuja na mavazi meupe, watamfunga mzee kwenye nailoni, watamfukia alfajiri, na hakuna atakayemgusa. Boma litafungwa. Maziwa yenu hayatanunuliwa. Nabwile akasema mumewe aliishi kwa heshima, ataoshwa, atavishwa koti lake na kofia yake. Basi, naibu akasema, semeni alikufa na nini. Wakasema uzee. Wakoli akampelekea jogoo. Phanice mwenyewe ndiye aliyepasha maji ya kumwosha mzee, na aliyapasha kwa mapenzi, kwa sababu mzee yule alikuwa akimwita binti.

Wiki ile ile Noah alipokata roho, wafanye nini? Baba amekufa kwa uzee, mtoto atakufaje kwa corona? Wakasema malaria. Na Khaemba alipokufa Kitale, moyo ukasimama.

Wala si boma hili peke yake. Makhele nzima ilifanya hivyo, kila nyumba ikidhani ni yenyewe tu iliyodanganya. Huyu alimficha mama yake chini ya neno "presha", yule alimficha kaka chini ya "sukari", wa tatu akasema baba aliteleza bafuni. Naibu wa chifu aliandika walivyosema, kwa sababu kuandika hivyo hakukumgharimu kitu na kulimpa sifuri ya kujisifia. Watu walitaka tu kuwaosha wapendwa wao. Ni dhambi gani hiyo? Lakini uongo waliousema kwa upendo haukulala kaburini pamoja na maiti. Ulirudi nyumbani ukatafuta wa kumla.

"Sema tu, Mama," Phanice alisihi. "Sema Jumamosi kwamba Wakoli alikuja anakohoa. Basi. Sitaki kingine."

"Nilizaa vijana watatu," Nabwile alisema polepole. "Nimebaki na mmoja. Unataka nisimame mbele ya watu niseme huyo aliyebaki ndiye alileta kifo?"

"Sijasema aliua. Alikohoa tu."

"Ni kitu moja."

"Na mimi je?"

Nabwile aliokota punje zilizoangukia vumbini, moja moja, akazitupa kwenye ungo. "Wewe una kwenu," alisema.

Phanice aliweka gunzi chini. Alikuwa ameishi katika boma hilo tangu akiwa na umri wa miaka ishirini, alimwogesha mama huyu alipovunjika mguu, na sasa amegundua kwamba alikuwa mgeni siku zote. Alitoka bila kuaga. Alipofika kwake alimkuta Vivian akifanya kazi za shule mezani, akamwambia akatafute lile sanduku la nguo. Kisha akamwambia alirudishe.

*

Alhamisi Lorna alifika akiwa ameongozana na naibu wa chifu mwenyewe, kofia kichwani na fimbo kwapani. Wazee walikuwapo tena, wakisimamia mafundi waliokuwa wakichekecha mchanga wa makaburi. Majirani wawili watatu walikuwa wamejipenyeza kuja kuona tableti.

"Hawa ni watu wa utafiti," naibu alitangaza. "Wajibiwe kwa heshima na kwa kifupi. Hapa hatukuwa na hiyo maneno, kila mtu anajua. Wasicheleweshwe."

Wakoli alivuta kiti akakaa mbele ya Lorna, miguu ameitanua. "Uliza."

"Nimeambiwa boma hili lilifiwa na watu watatu. Nianze na Mzee Wabwile. Nani alimuuguza?"

"Mimi ndiye mkubwa hapa. Uliza mimi."

"Sijauliza mkubwa, kaka. Nimeuliza nani alimlisha, nani alimgeuza kitandani, nani aliosha nguo zake. Ndiye tunaongea naye."

Kuku mmoja alipita katikati yao na hakuna aliyemfukuza. Mwishowe Wilkista, mke wa Wakoli, alimwonyesha Phanice kwa kidevu.

"Ni huyo. Sisi tulikuwa tunaogopa kuingia."

"Na Noah?"

"Ni huyo tu."

"Na Khaemba?"

Wilkista alitazama chini. Lorna alimgeukia Wakoli. "Basi nitaomba unipishie kiti, huyu mama akae. Na nyinyi wengine msogee. Maswali haya ni ya siri."

"Hapana," Phanice alisema. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko lake, mikono ina unga. Alikuja akaketi mahali pa Wakoli, kiti bado kina joto. "Uliza hapa hapa. Uliza na sauti."

"Mama, utaratibu wetu ni..."

"Utaratibu wenu mtarudi nao Kitale. Mimi nabaki hapa."

Lorna alimtazama, akawatazama wazee, akafungua tableti.

Hivyo ndivyo ugonjwa wa Makhele ulivyoelezwa, siku mbili kabla ya wakati wake, na mtu ambaye hakuchaguliwa. Homa ilianza lini? Kwa kikohozi kikavu au chenye makohozi? Phanice alijibu kila swali, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa sauti iliyopanda. Alieleza jinsi Mzee alivyohema kama mtu anayepanda mlima na gunia begani, hali alikuwa amelala tu. Alieleza jinsi Noah, kijana aliyekuwa akibeba magunia ya mahindi tangu asubuhi hadi jioni, alivyoshindwa kufika chooni, akamwomba samahani shemeji yake kwa kuchafua shuka. Alieleza vidole vya Khaemba vilivyogeuka rangi. Mafundi waliacha kuchekecha mchanga.

"Je, mgonjwa alisema chakula hakina ladha, au kwamba hasikii harufu?"

Jambo hilo, kwamba corona huondoa ladha, Phanice alikuwa amelisema mwenyewe mara nyingi. Alilisema mpaka akaambiwa anajitetea, kwamba ya redioni ni ya redioni na Makhele ni sifuri.

"Rudia," alisema. "Kwa sauti, hata mwenye kuchekecha mchanga asikie."

Lorna alirudia.

"Hilo swali imeandikwa hapo?"

"Imeandikwa."

"Mnaiuliza kila nyumba, ama ni mimi peke yangu mwenye sumu?"

"Kila nyumba, mama. Kitale, Cheptais, kila mahali."

"Basi andika ndiyo. Mzee alisema ndiyo, Noah alisema ndiyo, Khaemba alisema ndiyo. Andika hivyo mara tatu. Na uandike kwamba kwa sababu ya hiyo ndiyo, mimi nimekuwa nikionja maji ya kunywa kwa nyumba yangu!"

Mzee Walubengo alikuwa amesimama. "Msichana, hilo swali, nami mtaniuliza?"

"Tukifika kwako, mzee."

"Mke wangu alikwenda mwezi ule ule. Alinisukumia sahani akanitukana, ati nimenunua chumvi mbovu. Miaka yote hakuwa amenitukana." Alimgeukia naibu wa chifu. "Na wewe ukaandika presha."

"Mlikuja wenyewe kwangu!" naibu alifoka. "Kila mmoja alikuja! Andika hivi, andika vile, tafadhali sabuchifu tumwoshe mzee wetu. Leo ni mimi mbaya?"

"Tulikuja," Walubengo alisema. "Lakini sisi hatukupanda jukwaani kujisifu na hiyo sifuri. Ni wewe. Na sisi tukakupigia makofi."

Majirani walitazamana. Kila mmoja alikuwa na lake, na sasa kila mmoja alijua kwamba mwenzake analo pia. Hakuna aliyelitamka. Lakini mwanamke mmoja aliketi chini pale pale kwenye mchanga, akajifunika uso kwa khanga.

Lorna alikohoa kidogo. "Kuna swali lingine. Kabla ya Mzee kuugua, kulikuwa na mtu mwingine hapa nyumbani mwenye homa au kikohozi?"

Phanice alimtazama Wakoli. Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini kofi la mwaka ule, kofi alilopigwa mbele ya watoto kwa kulitaja jina hilo, lilikuwa bado linawaka shavuni.

"Hiyo nilijibu zamani, nikapigwa," alisema. "Leo ajibu mwingine."

Wakoli alitazama pembeni. Wilkista alitazama chini. Wazee walivitazama viatu vyao. Phanice akaona kwamba hata sasa, hata baada ya yote haya, watamwacha peke yake, na Jumamosi atatolewa katika boma hilo kama takataka. Ndipo aliposikia ungo ukiwekwa chini.

"Ni Wakoli," Nabwile alisema.

"Mama!"

"Nyamaza. Umesema ya kutosha." Hakuinuka alipokuwa ameketi. "Alikuja na lori kutoka Malaba, anakohoa. Usiku ule sikumpeleka kwa jiko ya Mama Vivian. Nilimchinjia kuku mimi mwenyewe, nikampikia mimi mwenyewe. Akala kidogo akasema, Mama, huyu kuku ni kama karatasi. Akamwaga chumvi, akamwaga pilipili yote, bado akasema karatasi." Sasa alimtazama mwanawe usoni. "Ilikuwa sufuria yangu, Wakoli. Sema mbele ya watu. Ni mimi nilikuwekea sumu?"

Wakoli alifungua mdomo. Mtu huyu aliyekuwa na maneno ya kujaza uwanja alipata mawili tu. "Mimi sikujua."

"Nani alisema ulijua?" Phanice aliinuka. "Nilikupikia uji wa wimbi, shemeji. Nilikufulia shuka. Ukapona, ukasimama, ukarudi kwa lori yako, na mimi nikabaki nikizika. Nilikuita muuaji hata siku moja? Nilisema tu ulikohoa! Wewe ulijua vizuri sumu haikuwa. Ulikuwa umeionja wewe mwenyewe hiyo karatasi. Na ukaniangalia macho kwa macho, ukaniambia nionje!"

Hakuna aliyemwambia ashushe sauti.

"Na hiyo mashine," Wakoli alimgeukia Lorna, akitafuta pa kushika. "Inasema nini? Ni corona ama si corona?"

"Mashine haisemi. Na mimi sisemi. Nimeuliza, nimejibiwa."

"Haina haja iseme," Mzee Walubengo alisema. Aliketi, amechoka. "Jumamosi atakayeeleza ugonjwa ni Mama Vivian."

"Nitaeleza," Phanice alijibu. "Na nitaanza mahali ulipoanzia. Nitasema nani alikohoa, na nani aliandika, na nani alisema iandikwe, na mimi nikiwa mmoja wao. Asiyetaka kusikia asije."

Naibu wa chifu alikumbuka ana mkutano Kimilili. Alimwambia Lorna wafanye haraka, kisha akaondoka bila kumngojea.

Nabwile alimwita, "Mama Vivian." Phanice hakugeuka. Siku moja huenda angegeuka, lakini si leo, na mama yule alijua hivyo, akarudi kuchambua maharagwe yake.

Wilkista ndiye aliyefikiria chai. Aliileta kutoka jikoni kwake katika birika kubwa, pamoja na vikombe vya wageni, vile vya maua ambavyo Phanice hakuwa amepewa tangu apachikwe jina baya. Wakoli alimpokonya mkewe birika. Labda aliona haya, labda alitaka watu waone. Alimimina kikombe cha kwanza, akakileta kwa mikono miwili, akainama kidogo.

"Shemeji, kunywa chai."

Phanice alikitazama kikombe. Mvuke ulipanda, na ilikuwa chai nzuri, ya maziwa mengi na tangawizi. Alikuwa na kiu tangu asubuhi.

"Onja wewe kwanza," alisema.

Mafundi, wazee, majirani, wote walisikia. Lorna aliinamia tableti yake. Wakoli alisimama na kikombe mkononi, akamtazama mama yake, akamtazama mkewe, na hakuna aliyemwokoa. Akakipeleka mdomoni. Phanice alingoja mpaka alipoona koo lake likipanda na kushuka, ndipo akanyoosha mkono wake.